Asili ya Mkesha wa Mishumaa

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na ambayo Halmashauri imeagiza ipigwe chapa katika taarifa hii



Halmashauri iliponiita haikuniomba niwaburudishe kwa maneno, bali niwaeleze jambo moja kabla hamjapiga kura. Mbele ya mkutano huu iko hoja ya kwamba chama chetu kiwe na usiku mmoja kila mwaka wa kuwakumbuka wanachama waliofariki, kwa kukesha, kuwasha mishumaa, na kuyasoma majina yao kutoka katika daftari letu. Hoja hiyo imezua maneno mengi. Baadhi ya wazee wamesema kwamba jambo hili si letu, ni la Wazungu. Wengine wamesema ni la kanisa, na chama hiki si kanisa. Naye Bwana Mweka Hazina ameuliza fedha za mishumaa zitatoka wapi, na kwa nini wasipewe yatima. Maswali hayo yote ni ya haki, wala sikuja hapa kuyapuuza. Nimekuja kueleza mambo haya yalianza wapi, ili atakayekubali akubali akijua, na atakayekataa akatae akijua.

Lakini kwanza yafaa tukumbuke kwa nini hoja hii ilizaliwa. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa askari wa usiku katika duka moja la mjini, aliugua akiwa kazini akapelekwa hospitali, akafa usiku uleule. Alikuwa amelinda mali ya watu kwa miaka kumi na tisa. Tajiri wake hakujua kwao ni wapi. Alijua jina moja tu, lile la kumwitia. Maiti yake ililala katika chumba cha maiti siku kumi na moja, nasi tulikuwa tukipita barabara ileile kila asubuhi na jioni. Siku ya kumi na mbili Katibu wetu alipata habari kwa mama mmoja muuza chai. Mtu huyu alikuwa ametoa ada yake kila mwezi bila kukosa. Tulipomzika, mzee mmoja aliuliza jina la baba yake marehemu, na katika watu wote waliosimama pale kaburini hapana aliyeweza kulitaja ila mmoja. Basi hoja iliyo mbele yenu ilitoka katika aibu ile. Haikutoka katika tamaa ya kuiga watu wengine.

Sasa nianze na maneno yenyewe. Kukesha ni kukaa macho mpaka kuche. Kila kabila lililo na mwanachama humu ndani lina neno lake la jambo hilo, maana hapana watu duniani wasiokesha: mama hukesha na mtoto mgonjwa, mchungaji hukesha na mifugo, na jamaa hukesha na maiti. Warumi wa kale waliita zamu ya usiku vigilia. Askari wao waliugawa usiku katika zamu nne, na hao waliokuwa zamu hawakuruhusiwa kusinzia. Wakristo wa kwanza, waliokuwa wakiishi chini ya Warumi, walilichukua neno hilo la askari wakalifanya neno la sala. Kwa hiyo mwenzetu yule askari wa usiku, bila kujua, alikuwa akifanya kila siku kazi ile iliyolipa jambo hili jina lake.

Ama neno mshumaa limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni nta. Na kandili, taa ile wazee wa pwani waijuayo vizuri, nalo limetujia kwa njia ya Waarabu, lakini chanzo chake ni neno la Kilatini, candela. Ndilo hilohilo lililozaa neno la Kiingereza la mshumaa. Hivyo neno moja lilitoka kwa Warumi, likapita njia mbili, na njia moja ilifika Mombasa na Lamu kabla Waingereza hawajatia nanga huko.

Desturi ya kuwasha moto kwa ajili ya wafu ni ya zamani mno, wala haina mwenyewe mmoja. Warumi walibeba mienge katika mazishi kabla hawajawa Wakristo. Wayahudi mpaka leo huwasha taa au mshumaa unaowaka usiku kucha na mchana kutwa, kila mwaka ifikapo siku ile mzazi wao aliyofariki. Na Wakristo wa karne ya nne walikuwa na desturi hiyo tayari. Yuko mwanamke mmoja msafiri, jina lake Egeria, aliyefika Yerusalemu karibu na mwaka 381 akawaandikia wenzake wa kwao aliyoyaona. Aeleza jinsi kila jioni taa na mishumaa ilivyowashwa kwa moto uliotolewa ndani ya pango la kaburi la Bwana Yesu, ambamo taa iliwaka usiku na mchana. Aeleza tena jinsi watu, katika usiku wa kukumbuka kukamatwa kwake, walivyoshuka mlimani polepole kwa miguu, wazee kwa watoto wadogo, wamechoka kwa kufunga na kukesha, na mishumaa zaidi ya 200 imewekwa tayari ili kuwamulikia wote. Naomba mliweke moyoni neno hilo la polepole. Mkutano ule wote ulikwenda kwa mwendo wa mtoto na wa mzee.

Wala msidhani, wazee wangu, kwamba watu wa kale waliafikiana juu ya jambo hili. Ubishi wetu wa leo ni mkongwe kuliko miji yetu yote. Mwanzoni mwa karne ya nne maaskofu walikutana mahali paitwapo Elvira, katika nchi ya Uhispania, wakaweka sheria nyingi. Mojawapo ilikataza kuwasha mishumaa makaburini wakati wa mchana. Na nyingine, iliyofuata hiyo, ilikataza wanawake kukesha makaburini, kwa sababu kwa kisingizio cha sala palikuwa pakitendeka maovu kwa siri. Karibu miaka mia moja baadaye padri mmoja aitwaye Vigilantius alishutumu mishumaa iliyowashwa mbele ya mashahidi, akashutumu na mikesha pia. Mtakatifu Yeronimo alimjibu mwaka 406 kwa maneno makali sana. Katika majibu yake alisema kwamba makanisa ya Mashariki huwasha taa hata jua likiwaka wakati Injili inaposomwa, si kwa kufukuza giza, bali kwa kuonyesha furaha. Jambo la ajabu ni kwamba jina la yule padri aliyepinga mikesha lina maana ya mtu aliye macho.

Nawatajia mambo haya kwa sababu moja. Aliyeleta lawama juu ya maovu ya usiku hakukosea. Sisi wenyewe twaona leo jinsi matanga yetu yalivyogeuzwa. Zamani watu walilala kwa mfiwa ili asibaki peke yake; moto uliwashwa uani, wazee wakaketi kuuzunguka, nasaba ikatajwa, madeni yakaulizwa, na watoto wakajifunza wao ni nani. Siku hizi katika sehemu nyingi za nchi hii huletwa vipaza sauti na muziki wa dansi, ndiyo hiyo iitwayo disko matanga, na wakubwa wa serikali wamepiga marufuku mara kwa mara kwa sababu ya wasichana wanaoharibiwa usiku huo. Mfiwa ndani analia, na nje watu wanacheza. Maaskofu wa Elvira wangeifahamu habari hiyo bila mkalimani.

Bwana Mwenyekiti, sasa nije kwenye neno la Bwana Mweka Hazina. Kwa karne nyingi sana mshumaa mzuri ulikuwa kitu cha tajiri. Ulitengenezwa kwa nta ya nyuki, na nta ilikuwa ghali. Hata nta ya mizinga ya Tabora katika Tanganyika ilisafirishwa ng'ambo kuuzwa huko. Maskini alitumia mshumaa wa shahamu ya ng'ombe au kondoo, wenye moshi na harufu mbaya. Mambo yaligeuka katika karne ya 19. Mwaka 1825 wataalamu wawili wa Ufaransa, Chevreul na Gay-Lussac, walipata hati ya kutengeneza mishumaa migumu, isiyonuka, kwa kusafisha mafuta. Viwanda vya London vikaanza kutumia mafuta ya mawese yaliyotoka Afrika ya Magharibi. Na katika miaka ya 1850 ikaja mishumaa ya parafini, ambayo ni rahisi zaidi. Tangu hapo hata kibarua aliweza kushika mshumaa wake mwenyewe. Basi anayesema kwamba mshumaa ni kitu cha Wazungu akumbuke kwamba mafuta yake mengine yalikamuliwa na mikono ya Waafrika.

Mshumaa ulipokuwa rahisi, mkesha ulitoka ndani ya nyumba za sala ukaingia barabarani. Nitawapa mifano mitatu tu ya nchi za mbali.

Mwezi wa Novemba 1969 watu wa Marekani waliochoka na vita vya Vietnam walikusanyika katika mji mkuu wao, Washington. Usiku na mchana, kwa muda wa saa zipatazo 40, walipita mmoja mmoja mbele ya nyumba ya Rais. Kila mmoja alibeba mshumaa, na kibao chenye jina la askari mmoja aliyekufa, au la kijiji kimoja cha Vietnam kilichoteketezwa. Alipofika mbele ya nyumba ile alilitaja jina hilo kwa sauti, kisha akaendelea, na mwisho wa safari akakitia kibao chake katika jeneza. Kila mtu alibeba maiti mmoja tu, naye alimtaja huyo mmoja.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1983. Ugonjwa wa ukimwi ulikuwa umeanza kujulikana, na waliougua walifichwa kama watu waliotenda jinai. Mwezi wa Mei mwaka huo, katika mji wa San Francisco, wagonjwa wenyewe waliongoza watu barabarani wakiwa na mishumaa mikononi, ili waonekane nyuso zao. Desturi hiyo ikaenea katika nchi nyingi, na mpaka leo hufanywa mwezi wa Mei. Hapa kwetu ugonjwa huo ulitangazwa kuwa msiba wa taifa mwaka 1999. Wazee mnaonisikiliza mwajua ni watu wangapi tuliwazika katika miaka ile huku tukisema ni malaria, au ni kifua. Tuliwazika miili, na ukweli wao tukauzika pamoja nao.

Mfano wa tatu ni wa Leipzig, katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Tangu mwaka 1982 watu wachache walikuwa wakikutana katika kanisa la Mtakatifu Nikolai kila Jumatatu kuombea amani. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 walitoka barabarani mbele ya askari wenye silaha, wengi wao wameshika mishumaa. Anayeshika mshumaa nje hutaka mkono mmoja wa kuushika na mkono wa pili wa kuukinga na upepo. Hana mkono wa tatu wa kushika jiwe. Askari walikuwa tayari, lakini hawakupiga risasi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Novemba, ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Na sasa turudi nyumbani, maana nyumbani pia tumekesha. Mwezi wa Februari 1992 kina mama ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za siasa waliketi katika bustani ya Uhuru, Nairobi, pamoja na Profesa Wangari Maathai, wakakataa kula. Tarehe 3 Machi walipigwa na kutawanywa. Wakahamia katika kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hata wafungwa wale karibu wote wakaachiliwa. Nguvu yao haikuwa katika mishumaa. Ilikuwa katika kukaa pale na kukataa kwenda nyumbani.

Miaka 23 baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye watu walikusanyika katika bustani ileile ya Uhuru wakawasha mishumaa, na majina ya wale vijana yakasomwa. Neno lililokuwa vinywani mwa watu siku zile lilikuwa kwamba marehemu hawa si hesabu tu. Nao walisema kweli. Hesabu husomwa katika habari za saa moja, na saa mbili imekwisha sahauliwa. Lakini jina lina mama yake, lina kijiji chake, lina karo iliyolipwa kwa kuuza ng'ombe.

Ndugu wanachama, mkiyatazama mambo haya yote pamoja, toka Yerusalemu hata Garissa, mtaona kwamba mshumaa hubadilika: mara nta, mara shahamu, mara parafini. Penye mkesha wa kweli yako mambo mawili yasiyobadilika. La kwanza ni kwamba watu huacha usingizi wao kwa ajili ya mwingine. La pili ni kwamba mwingine huyo hutajwa jina. Mkesha uliokosa hayo ni karamu, au ni kelele, hata ukiwa na mishumaa elfu.

Kwa hiyo nimejibu wanaosema si letu. Kukesha ni kwetu, na kutaja majina ya wafu ni kwetu kabla ya wageni wote. Mshumaa tumeupokea kama tulivyoipokea kalamu, ambayo Katibu wetu aandikia daftari hili bila mtu kumwambia ni ya Wazungu.

Kwa wanaosema ni la kanisa, nasema kwa adabu. Tunao humu ndugu zetu Waislamu, na masheikh wengi hukataza kuwasha taa juu ya makaburi. Nao wana usiku wao wa ibada, hasa kumi la mwisho la Ramadhani, na wana dua na khitma kwa wafu wao. Basi mkesha wetu, mkiukubali, usifanywe makaburini bali katika jumba letu, na yeyote asiyependa kushika mshumaa asishike. Aketi nasi tu, asikie majina. Hatapungukiwa kitu, wala sisi.

Na kwa Bwana Mweka Hazina, ambaye namheshimu kwa sababu hulinda shilingi zetu kama macho yake, nasema kwamba ana haki. Senti moja ya yatima isiguswe. Kila mtu aje na mshumaa wake kutoka nyumbani, hata kipande, na asiye nacho akae karibu na jirani. Wala usiletwe muziki, wala pombe, na watoto wasishike moto pasipo mkubwa, na ndoo za maji ziwekwe mlangoni.

Lakini neno langu la mwisho ni zito kuliko hayo. Tukiwasha mishumaa, kisha mwaka ujao mwenzetu mwingine akalala siku kumi na moja katika chumba cha maiti, tutakuwa tumejidanganya mbele ya watu. Kabla ya kuupigia kura mkesha, naomba mkutano uagize mambo mawili. Kwanza, daftari liandikwe upya: kila mwanachama aandikwe jina lake kamili, la baba yake, kijiji chake, mahali afanyapo kazi, na mtu wa kupelekewa habari. Pili, wachaguliwe watu wa zamu katika kila mtaa, wawili wawili, wa kuuliza habari za kila mwanachama asiyeonekana kwa muda wa siku mbili. Hiyo ndiyo vigilia ya kwanza, nayo haihitaji mshumaa. Mkesha wa mara moja kwa mwaka uwe ni siku ya kuwatolea marehemu hesabu ya zamu hizo.

Nimekwisha kumtafuta yule mzee aliyelijua jina la baba yake mwenzetu. Amelitaja, nami nimelipeleka kwa Katibu, naye amekwisha kuliandika. Liko pale mezani, katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, mbele ya Bwana Mwenyekiti. Yeyote anayetaka aje alisome kabla hajapiga kura.